Gari Linalotulia Likipata Mzigo

Mwanangu Lusajo,

Anayeshika kalamu ni mdogo wako Atupele, lakini maneno ni yangu. Unajua kwamba mkono wangu wa kulia haujaandika tangu ajali, na wa kushoto unaishia kwenye sahihi. Tumekaa mezani, vyombo vya chakula vimetolewa, na wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako huko barabarani. Atupele ameshaanza kunirekebisha. Nimesema "gari hii", naye akasema, "Baba, mwalimu ataniua. Ni gari hili." Nimemwambia aandike anavyofundishwa. Kwa hiyo ukikuta Kiswahili kimenyooka, mshukuru yeye.

Mambo ya kula, kufua na kuamka mapema sitayaandika. Umeshakuwa mtu mzima, na huko Makongolosi unakokwenda kesho kwa kazi utakutana na watu wa kukukumbusha hayo kwa ukali kuliko mimi. Nataka kuandika juu ya maneno uliyoyasema leo mchana uani, mbele ya baba yako mdogo Asajile.

Ulikuwa umerudi kutoka kulijaribu gari hadi barabara kuu, likiwa tupu, Asajile akiwa kando yako. Aliposhuka alijishika kiuno, akasema, "Gwe Lusajo, hii ni gari au mashine ya kukoboa? Meno yangu nusu nimeyaacha pale kwenye kona." Mkacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda napukuchua mahindi. Ukafuta mikono yako kwa kile kitambaa chenye grisi, kidole kimoja kimoja, ukamjibu, "Usijali, baba mdogo. Ikipata mzigo inatulia."

Niliacha kupukuchua. Hayo yalikuwa maneno yangu, Lusajo. Yalikuwa maneno yangu hata kwa namna ya kufuta vidole. Sikukufundisha kuyasema. Nadhani ulinisikia ukiwa mdogo, ukiwa umekaa kwenye tairi la akiba uani hapo hapo, nikiwajibu watu jinsi ulivyomjibu Asajile. Mtu huwa anafikiri amemrithisha mwanawe pua na urefu. Kumbe na haya yanarithiwa.

Ndipo nikasema, "Gari hiyo isiende kesho." Ukaniuliza kwa nini. Nikasema tu, "Isiende." Ukanitazama, ukasema, "Baba, wewe umeiogopa gari hii tangu nikiwa shule ya msingi. Mimi siiogopi." Asajile akageuka kutazama migomba. Nikashika gunzi jingine. Ulikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu mtu mzima anayekataza bila kutoa sababu anastahili kupuuzwa. Sababu ninayo. Sikuweza kuisema uani, na sijawahi kuisema popote. Wacha niiseme hapa, na mdogo wako asikie, maana naye alikuwa mtoto wa mama yake.

Gari lile nililinunua Iringa kabla hujazaliwa, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akilitumia kwenda mashambani. Lilikuwa limezeeka tayari, lakini lilikuwa na fo-wili iliyofanya kazi, magurudumu yote manne yakivuta, na kwa kazi niliyoitaka hilo lilitosha. Nilitaka kubeba mpunga kutoka Usangu. Wakati wa mvua njia za kule zinakuwa uji. Malori yanakwama, na wakulima, wengi wao ndugu waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wanabaki na magunia yao majumbani. Gari dogo lenye fo-wili lilikuwa linaingia na kutoka. Ndilo lililotulisha. Nyumba hii unayolala leo imetoka kwenye tope lile.

Lakini magunia yalikuwa mazito na springi za nyuma zilikuwa zinalala. Nikamwendea fundi, nikaongeza majani ya springi. Nilipoona inafaa, nikaongeza tena. Gari likainuka nyuma kama mbuzi anayetaka kupiga. Nilifurahi sana. Mama yako alilitazama akasema, "Baba Lusajo, sasa nitahitaji ngazi kushuka."

Tangu siku ile likaanza kutetemeka likiwa tupu. Si wakati wote. Ukiwa taratibu huoni kitu. Ukishika mwendo wa barabara kuu, unaanza kusikia chini ya kiti kama mtu anagonga mlango kwa haraka, kisha sakafu nzima inaimba, kisha kioo cha pembeni kinakuonyesha magari mawili badala ya moja. Ukipunguza mwendo, linaacha. Na ukilipakia magunia, linaacha kabisa. Linakuwa gari jipya.

Unaijua propela, lile bomba refu linalotoa nguvu kwenye gia boksi na kuipeleka kwenye difu, ile gia ya magurudumu ya nyuma. Kila mwisho wake una krosi, kile chuma cha umbo la msalaba chenye vikombe vinne, kinachoiruhusu propela ijikunje huku inazunguka. Wewe umezijua krosi kwa kuzibadilisha. Mimi nilizijua kwa Fundi Salehe wa Iringa, mzee mmoja mwenye asili ya pwani aliyekuwa akilitengeneza gari lile tangu kwa mwenyewe wa kwanza. Siku moja nilipita kwake na krosi iliyokwisha. Aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu kuliko krosi inavyohitaji. Alipotoka alikuwa hana furaha.

"Bwana mdogo, nani kaipandisha gari hii?"

"Mimi, Fundi. Kwa ajili ya mpunga."

"Basi mpunga utakula krosi zako mpaka uchoke. Tazama." Akakunja kiwiko chake mbele ya uso wangu. "Kiwiko hiki nikikizungusha kimekunjika kidogo, kinazunguka. Nikikikunja hivi halafu nikakizungusha kwa nguvu, utasikia mwenyewe. Kinaruka. Umenyanyua gari, difu imebaki chini, propela imesimama mwinuko. Kule kutetemeka ndiko kuruka kwenyewe."

"Lakini likipata mzigo linatulia."

"Linatulia kwa sababu mzigo unalishusha, propela inalala kidogo. Lakini sasa krosi ile ile iliyochoka ndiyo inavuta magunia. Toa majani ya springi, beba kidogo kidogo, utafika mbali."

Nilimshukuru. Akanifungia krosi mpya, akatia alama ya patasi kwenye propela pale vipande viwili vinapoingiliana, ili atakayeifungua siku nyingine asiirudishe imepinda. Alama hiyo bado ipo, itafute. Nikaondoka. Majani ya springi sikuyatoa. Nilijiambia nitayatoa msimu ukiisha. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Krosi zikawa kitu cha kubadilisha kama mtu anavyobadilisha betri ya redio. Nikazoea. Nikianza kusikia sakafu inaimba, natafuta mzigo. Hata wa bure. Kuna wakati nilibeba mawe ya jirani mpaka Uyole ili tu nisafiri kwa utulivu.

Mama yako hakuzoea. Alikuwa na kawaida ya kuweka kiganja juu ya dashibodi kama anavyompima mtoto homa. Siku moja tulipokuwa tukirudi tupu kutoka mnadani, akanitolea maneno ambayo nimekuwa nikiyasikia kila ninapoamka.

"Baba Lusajo, mtoto akilia, unamtwisha gunia anyamaze?"

Nilicheka. Nilisimulia maneno hayo kwa watu kijiweni, nao wakacheka. Nilidhani ni utani mzuri wa mke wangu Mhehe.

Sasa naja kwenye siku yenyewe. Atupele ameuliza kama apumzishe kalamu. Nimemwambia hapana, tukiacha hapa sitaendelea.

Ulikuwa darasa la tano. Atupele alikuwa bado ananyonya lakini ameshaanza kula. Ujumbe ulikuja kutoka Kalenga kwamba bibi yenu, mama yake mama yenu, amefariki. Tuliwaacha kwa mke wa Asajile, tukaondoka asubuhi sisi wawili. Mama yako alikuwa amejifunga kanga mbili na hakuwa akilia. Alikuwa amekaa ameshika mikono yake mwenyewe.

Gari lilikuwa tupu. Tulipofika barabara nzuri nikaongeza mwendo, maana alitaka kumwona mama yake kabla hawajamfunika. Likaanza. Siku ile lilitetemeka kuliko siku zote. Kile kikombe cha chai alichokuwa amekiweka kati yetu kikaanguka. Akaweka kiganja kwenye dashibodi, akakitoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Leo siwezi. Leo mwili wangu hauwezi."

Mwanangu, nilikuwa na njia ya polepole. Tungekwenda taratibu, tungechelewa. Au ningesimama, niingie chini, nishike ile propela kwa mikono yangu, nione inacheza kiasi gani. Nilichofanya ni kile nilichokijua. Nilisimama Igurusi kwa mtu wangu wa mpunga, nikamwambia anipakilie magunia ya mchele. Nilijiambia mambo mawili mazuri. Kwamba hatuendi msibani mikono mitupu. Na kwamba mke wangu atasafiri kwa raha. Yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo maana nakuandikia haya. Sikufanya kwa ubaya wala kwa ulevi. Nilifanya kwa upendo, kwa namna niliyoizoea.

Likatulia. Lilikuwa zuri kama gari la harusi. Mama yako akaegemeza kichwa mlangoni, akalala. Nilikuwa nikimtazama kwa pembeni huku nikijisifu moyoni. Tulipita Makambako amelala. Tulipita Mafinga amelala.

Baada ya Mafinga kuna mteremko mrefu. Niliuanza kwa gia, kama unavyotakiwa, injini ikishika uzito. Katikati nikasikia mlio mmoja mkubwa nyuma, kisha kipigo juu ya kipigo chini ya gari, kama mtu anapiga debe kwa nyundo. Krosi ya nyuma ilikuwa imekatika, propela inabamiza barabara. Injini ikapiga kelele peke yake, haishiki tena kitu. Nikakanyaga breki. Ilishika mwanzo, kisha kwa ule uzito ikapata moto, ikalainika chini ya mguu. Nikavuta hendibreki.

Sikiliza hapa, kwa sababu gari hili ni la zamani na wewe umezoea kuendesha mapya ya watu. Hendibreki yake haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya gia boksi. Ilishika vizuri kabisa siku ile. Ilishika chuma ambacho hakikuwa kimeunganishwa na gurudumu lolote.

Mama yako aliamka. Akasema, "Baba Lusajo?" Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza tumefika wapi.

Nililipeleka gari kwenye ukingo ili liparuze udongo. Lilisimama kwenye mtaro. Lilisimama, Lusajo, na mimi nikiwa mzima, mkono tu ukiwa umebanwa kati ya usukani na mlango. Tungekuwa tupu tungeshuka wote tukitikisa vichwa. Lakini magunia hayakusimama. Yalikuja mbele yakavunja kioo cha nyuma. Upande wangu yalizuiwa na nguzo. Upande wake hayakuzuiwa na kitu. Watu wa pale walikuja mbio, wakawa wanatoa mchele kwa mikono, kwa sufuria, kwa kofia zao, na mchele ulikuwa unazidi kumwagika kutoka juu. Nilikuwa natazama. Walipomfikia alikuwa ameshaondoka.

Tuliwazika Kalenga, yeye na mama yake, kaburi kando ya kaburi.

Watu waliuliza nini kilitokea. Nilisema, "Propela ilikatika." Wakatikisa vichwa, wakasema ni mipango ya Mungu, vyuma ni vyuma. Nikawaacha waseme. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikuwa na magunia. Katika nchi hii hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amebeba mchele kwenda msibani.

Asajile alilivuta gari mpaka hapa. Yeye alitaka tuliuze kwa vipande. Nilikataa, na sikusema kwa nini, kwa sababu sikujua. Lilikaa kwenye kona pale, kuku wakataga ndani. Miaka ikapita. Wewe ukamaliza shule, ukaanza kushinda gereji, ukaanza kulifungua taratibu siku za Jumapili. Nilikuona. Ningesema neno. Lakini siku ile ulipoliwasha kwa mara ya kwanza, nilikuwa ndani, nikasikia injini. Ilikuwa ni sauti ile ile. Mara moja nikasikia kama mama yako yuko jikoni na anakaribia kuniuliza kama nimekula. Nikakaa kitandani nikasikiliza mpaka ulipolizima. Kesho yake sikusema neno, na keshokutwa pia. Nilitaka uliwashe tena.

Hilo ndilo kosa langu la pili. La kwanza lilichukua siku moja. Hili la pili nimelifanya kila Jumapili.

Leo, ulipotoka kwa hasira, niliingia chini ya gari. Atupele alinishikia tochi. Nililala chali kwenye gunia tupu, nikaishika propela kwa mkono wa kushoto, nikaizungusha huku na huku. Ilicheza kabla difu haijapokea. Krosi ya nyuma ina vumbi jekundu kwenye kikombe kimoja, laini kama pilipili ya unga. Hiyo ni kutu ya ndani inayotoka. Grisi imeisha mle. Ukiipiga grisi kesho itapokea kwa nje tu. Na yale majani ya springi yote bado yapo, kama nilivyoyaacha. Uliyapaka rangi vizuri sana.

Najua kesho Asajile analeta mifuko ya unga na maharage ya kupeleka kwa wachimbaji. Najua ukiipakia, gari litatulia, utapanda mlima wa Chunya ukiimba. Kule juu kwenye baridi utaona dunia yote iko chini yako, kisha barabara inaanza kushuka.

Sikukatazi kwenda. Nilikosea kusema vile. Kazi uliyoipata ni nzuri, na kijana anayekaa nyumbani kumlinda baba yake anaoza. Wala sisemi gari ni baya. Gari lile lilinena tangu mwanzo, kwa sauti, kila siku, na kila siku mimi nililiziba mdomo. Maishani mwako utakutana na vitu vingine vinavyotetemeka vikiwa vitupu. Utakutana na nyumba, na urafiki, na hata moyo wako mwenyewe. Sijui nikushauri nini juu ya hivyo. Mimi ni mtu wa mpunga. Naweza tu kukwambia nilivyofanya: nilipakia. Mama yenu alipofariki nilipakia kazi, nilipakia kilimo, nilipakia kanisa, nikaonekana nimetulia. Majirani walinisifu. Wewe na Atupele mlikuwa mnakula mkiwa na baba aliyetulia, asiyesema neno. Nisameheni.

Sasa ombi langu ni moja. Asubuhi, kabla ya unga kupakiwa, twende tena barabara kuu, gari likiwa tupu. Uendeshe wewe. Mimi nitakaa kushoto kwako. Tushike ule mwendo ambao linaanza kuimba, na usipunguze haraka. Weka kiganja kwenye dashibodi. Usikilize mpaka mwisho lina nini. Kisha tukirudi, uamue wewe. Kama utatoa majani ya springi na kuweka krosi mpya, unga utachelewa na watu watapiga simu kwa hasira. Asajile yuko tayari kuwaambia kwamba ni mimi niliyekuchelewesha. Kama utaamua kuondoka hivyo hivyo, sitasimama mlangoni. Lakini utakuwa umeamua ukiwa umesikia.

Unajua sijakaa kwenye kiti kile cha mama yako tangu siku ile. Sijakaa hata lilipokuwa limesimama na kuku wake. Sijui kama miguu itakubali. Nitajaribu.

Ni mimi baba yako, niliyekuwa nikijua tangu zamani na sikusema.

*

Kaka, huu mstari ni wangu mwenyewe. Baba alikwenda kulala baada ya kuweka sahihi, nami nikaacha barua mezani niirudie kwa usafi. Nimeamka sasa hivi kuiweka mlangoni kwako, kumepambazuka, kuna ukungu. Asajile hajafika na unga.

Baba yuko uani. Amevaa koti lake la kanisani. Amefungua mlango wa kushoto na amekaa kwenye kiti, amenyooka, kiganja cha kushoto kiko juu ya dashibodi. Mguu mmoja ameshauingiza. Mwingine bado uko chini, kwenye udongo.

Nimemuuliza kama anataka chai. Amesema, "Mwite kaka yako aje na ufunguo."